Kamera ya Kazi: Mwongozo wa Kuchagua kwa Wapiga Picha wa Shari

Madhumuni

Mwongozo huu ni wa mtu anayetafuta riziki kwa kamera: kijana wa komine ya Shari anayefungua studio, mpiga picha wa harusi ambaye hadi leo anakodi kamera ya mwenzake, mwandishi wa redio anayeagizwa sasa kuleta picha pamoja na sauti, mfanyakazi wa shirika anayeambatanisha picha kwenye kila ripoti. Wote hufika kwenye swali moja: wanunue kamera ya refleksi, ile inayoandikwa DSLR kwenye sanduku, au kamera ndogo ya lenzi za kubadilisha isiyo na kioo ndani, ambayo wauzaji huiita ibridi au mirrorless?

Swali hili lina uzito Bunia kuliko mahali ambapo mtu anaweza kurudisha mali dukani kesho yake. Hapa fedha ya kamera mara nyingi imetoka kwenye AVEC, kwenye likelemba, au kwa ndugu aliyekubali kusubiri kulipwa. Kamera yenyewe imevuka mpaka kutoka Uganda. Ikishindwa kazi, deni linabaki na familia nzima inalibeba. Ndiyo maana msimamo wa mwongozo huu unatolewa mapema: anza na kazi inayokulipa, kisha nunua kamera ambayo lenzi, betri na flashi zake ziko tayari mikononi mwa watu wanaokuzunguka.

1. Tofauti ya kamera hizi mbili

Ndani ya refleksi kuna kioo kilichoinama nyuma ya lenzi. Mwanga ukiingia hugonga kioo hicho na kupanda hadi kwenye kidirisha cha kutazamia, nawe unamwona mtu mwenyewe kwa jicho lako. Ukibonyeza, kioo huinuka, shata hufunguka, na mwanga hufika kwenye sensa inayonasa picha. Kamera isiyo na kioo imeondoa hatua hiyo. Mwanga huenda kwenye sensa moja kwa moja, na sensa hukuonyesha picha kwenye skrini ya nyuma au kwenye skrini ndogo iliyo ndani ya kidirisha. Kwa hiyo kamera hii ni nyembamba na nyepesi, lakini hutumia umeme kila dakika unayoitazama, hata kama hujapiga picha hata moja.

Kamera ya kwanza ya aina hii, Panasonic Lumix G1, ilitoka mwaka 2008. Sony ilifuata na familia ya NEX mwaka 2010. Canon na Nikon ziliingia kwa nguvu mwaka 2018, zilipoleta EOS R na familia ya Z, na tangu 2020 hazijatoa refleksi mpya. Habari hiyo imewatia wengi hofu kwamba refleksi imekwisha. Kwa mnunuzi wa Bunia ina maana nyingine: wenye fedha huko ng'ambo wanauza refleksi zao nzuri, na bei imeshuka.

Ubora wa picha hautokani na kioo, wala na kukosekana kwake. Nikon D7200, ambayo ni refleksi, na Sony a6000, ambayo haina kioo, zote zina sensa ya ukubwa wa APS-C yenye megapikseli 24. Picha zao zikichapishwa kwenye karatasi ya A4, mteja hatajua ipi imetoka wapi. Tofauti zinazogusa riziki yako ziko kwenye betri, kwenye lenzi, kwenye video na kwenye namna unavyouona mwanga kabla ya kubonyeza.

2. Andika kazi zako kabla ya kuuliza bei

Chukua daftari. Andika kazi zote ulizolipwa katika miezi ya karibuni, na mbele ya kila moja andika ilikuletea kiasi gani. Usiandike kazi unazoziota. Kwa wapiga picha wengi wa Bunia, orodha itaangukia kwenye mafungu haya:

a) Harusi na sherehe za mahari. Siku inaanza asubuhi nyumbani kwa bibi harusi, inapita kwenye ofisi ya komine, inaingia kanisani na kuishia ukumbini usiku. Kamera inayofaa hapa huvumilia saa nyingi, huona vizuri gizani, na ikiwezekana ina nafasi mbili za kadi. Kadi moja ikiharibika, busu la madhabahuni haliwezi kurudiwa. D7200, Nikon D750 na Canon 5D Mark III, zote refleksi, zina nafasi mbili. Kwa upande wa zisizo na kioo, Sony a7 III inazo, lakini a6000 na Canon M50 zina moja tu.

b) Picha za pasipoti na za studio. Mwanga unautawala wewe mwenyewe, na mteja hakimbii. Kamera yoyote kati ya hizi mbili inatosha, hata ya zamani. Fedha iende kwenye taa, kitambaa cheupe na printa.

c) Mahafali na kolasio za shule na vyuo. Ni watu wengi, juani, kwa haraka. Unahitaji betri ndefu na kidirisha kinachoonekana vizuri mchana.

d) Kanisa, kwaya na wanamuziki. Siku hizi mteja anataka video kabla ya picha. Kamera isiyo na kioo inaanza kushinda hapa.

e) Mashirika na vyombo vya habari. Safari ni ndefu, mara nyingi kwa pikipiki, na mzigo ni wa mgongoni. Uzito na namna ya kuchaji vinakuwa jambo la kwanza.

Fungu linalokuletea zaidi ya nusu ya mapato yako ndilo litakalochagua kamera. Mafungu mengine yatavumilia.

3. Betri na umeme

Bunia inapata umeme wa Budana, kituo cha maji kilichojengwa kwenye mto Shari kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Hata hivyo, nyumba nyingi hutegemea paneli za jua, jenereta au chumba cha kuchajia cha jirani. Mpiga picha hana budi kuhesabu betri kama mkulima anavyohesabu mbegu: kabla ya msimu, si katikati yake.

Kipimo cha kimataifa kinachoitwa CIPA husaidia kulinganisha. Kwa betri moja iliyojaa, Nikon D3500 imepimwa picha 1,550, D750 picha 1,230, D7200 picha 1,110, na Canon 80D picha 960. Canon 2000D, refleksi ya bei ya chini, imepimwa 500. Kwa zisizo na kioo hesabu hushuka: Sony a6000 ni 360, Sony a7 ya kwanza 340, Canon EOS RP 250, na Canon M50 235. Zipo zilizoimarika, kama Sony a7 III inayofika 710, lakini bei yake inaimarika vilevile.

Chukua harusi ya picha 1,200. Kwa D750 betri moja inaweza kumaliza siku, na ya pili ikakaa mfukoni kama akiba. Kwa a6000 utahitaji nne, zote zimejaa tangu Ijumaa usiku. Bei ya betri hizo iandike ndani ya bei ya kamera, usiiache pembeni.

Kuna upande wa pili wa hesabu hii. Kamera kadhaa zisizo na kioo, a6000 ikiwemo, huchaji betri kupitia waya wa USB, kwa hiyo pawabenki au paneli ndogo yenye tundu la USB inatosha. Refleksi nyingi za bei nafuu hutaka chaja yake maalumu, ambayo huhitaji soketi ya ukutani au konvetisa kwenye betri ya jua. Kwa anayekaa wiki nzima Djugu au Irumu mbali na soketi, waya wa USB unaweza kuwa na thamani kuliko betri kubwa. Lakini usidhani zote zina uwezo huo, kwa sababu M50 haichaji kwa USB. Uliza, kisha jaribu mbele ya muuzaji.

Angalia pia betri za wenzako. Betri ya EN-EL14 hutumika kwenye Nikon nyingi, kuanzia D3100 hadi D5600. Betri ya LP-E6 hutumika kwenye Canon 60D, 70D, 80D, 6D na 5D kuanzia Mark II, na familia yake imeendelea hadi kwenye kamera za Canon zisizo na kioo kama R6 na R7. Betri ya NP-FW50 hutumika kwenye a6000, a7 ya kwanza na ZV-E10. Ukichagua kamera ambayo betri yake iko mtaani kwako, siku ya dhiki utaazima.

4. Jua kali, vumbi jekundu na giza la ukumbi

Bunia iko karibu na ikweta. Saa sita mchana jua linakaa juu ya kichwa na kutia kivuli machoni mwa watu; saa kumi na mbili jioni giza linaingia upesi. Katika mwanga wa mchana, skrini ya nyuma ya kamera yoyote husomeka kwa shida. Kidirisha cha refleksi huonyesha vizuri kwa sababu ni mwanga wenyewe unaokuja jichoni. Ukitaka kamera isiyo na kioo kwa kazi za nje, chagua yenye kidirisha. Sony ZV-E10, kwa mfano, haina kidirisha kabisa. Inafaa kwa video ndani ya nyumba, lakini itamtesa mpiga picha wa mahafali.

Kwa upande mwingine, skrini ndani ya kidirisha cha kamera isiyo na kioo inakuonyesha picha itakavyokuwa kabla hujabonyeza, nyeupe ikiungua au uso ukizama gizani. Jambo hili ni kubwa kwetu. Mita ya kamera hupima kila kitu ikidhani ni kijivu cha wastani. Bwana harusi mwenye ngozi nyeusi akijaza fremu na suti nyeusi, kamera huongeza mwanga kupita kiasi na uso wake unapauka. Bibi harusi akijaza fremu kwa gauni jeupe, kamera hupunguza mwanga na uso wake unapotea. Mwenye kamera isiyo na kioo huliona kosa mapema na kulirekebisha kwa kitufe cha kuongeza au kupunguza mwanga. Mwenye refleksi lazima apige, atazame skrini ya nyuma na mchoro wa mwanga, kisha arekebishe. Mzoefu hufanya hivyo bila kupoteza kitu, lakini anayeanza atajifunza haraka zaidi na kamera inayomwonyesha. Kwa aina zote mbili, weka kamera ihifadhi faili ghafi za RAW kwenye kazi za harusi, kwani uso uliopotea kidogo unaweza kurudishwa kwenye kompyuta.

Vumbi la kiangazi ni adui wa wote. Ukitoa lenzi kwenye refleksi, kioo na shata vinakaa mbele ya sensa. Kwenye kamera nyingi zisizo na kioo, sensa iko wazi. Baadhi, kama Canon EOS R, hufunga shata zikizimwa, lakini nyingi za bei ya chini hazifungi. Kanuni ni hizi: zima kamera kwanza, elekeza mdomo wake chini, badilisha lenzi ndani ya nyumba au ndani ya gari lililofungwa, na usibadilishe kando ya barabara pikipiki zikipita. Anayefanya kazi za nje kila siku na hataki kubadilisha lenzi kamwe, anunue lenzi moja ya zumu na kuiacha palepale.

Usiku, kitakachookoa kazi yako ni lenzi kuliko mwili wa kamera. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga takribani mara kumi kuliko lenzi inayoishia f/5.6, ambayo ndiyo lenzi ya kawaida inayouzwa na kamera. Kuhusu ukimya, baadhi ya kamera zisizo na kioo zina shata ya kielektroniki isiyotoa mlio, jambo zuri wakati wa ibada. Itumie kwa uangalifu, kwa kuwa chini ya taa za LED inaweza kuacha mistari ya giza kwenye picha, na mtu anayecheza haraka anaweza kuonekana amepinda.

5. Lenzi na flashi: mali itakayobaki

Mwili wa kamera utabadilishwa. Lenzi nzuri inaweza kukaa nawe muda mrefu zaidi. Katika bajeti yoyote, usitumie zaidi ya nusu kwenye mwili wa kamera. Nusu nyingine igawanye kati ya lenzi, flashi, betri, kadi na mfuko.

Hapa refleksi ina faida iliyo wazi. Canon ilianzisha lenzi za EF mwaka 1987, na Nikon ilianzisha mdomo wake wa F mwaka 1959. Wingi wa lenzi hizo sokoni ni mkubwa, na bei za lenzi zilizotumika zinavumilika. Canon EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka 2015, na Nikon AF-S DX 35mm f/1.8G, iliyotoka 2009, ni lenzi mbili ambazo mpiga picha yeyote anayeanza anaweza kuzilenga. Tahadhari kwa Nikon: kamera za D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi za zamani zenye alama ya AF-D utazifokasi kwa mkono. D7200 na D750 zina mota hiyo.

Lenzi za EF zinaweza kuvalishwa kwenye kamera za Canon za RF kwa adapta na zikafanya kazi kikamilifu, fokasi ikiwemo. Lenzi za Nikon za AF-S hufanya vivyo hivyo kwenye familia ya Z kupitia adapta ya FTZ. Kurudi nyuma haiwezekani: lenzi iliyotengenezwa kwa kamera isiyo na kioo haitakaa kwenye refleksi. Kwa hiyo anayeanza leo na refleksi ya Canon au Nikon na lenzi nzuri hajifungi. Siku akihama, lenzi zitahama naye.

Flashi nayo itazamwe kwa makini. Canon 2000D na 250D hazina kile kipini cha katikati juu ya kamera, na flashi nyingi za bei nafuu za mkono hazitawaka juu yake. Wengi huligundua hilo wakiwa tayari ukumbini. Beba flashi utakayoitumia, iweke juu ya kamera dukani, na uipige.

6. Video na sauti

Ikiwa video inaleta sehemu kubwa ya mapato, kamera isiyo na kioo inafaa zaidi. Inafokasi uso wa mwimbaji anapotembea, na unaona kupitia kidirisha wakati unarekodi. Kwenye refleksi, ukianza kurekodi kioo huinuka, kidirisha huwa giza, na unabaki na skrini ya nyuma. Nyingi, kama D7200, hufokasi polepole katika hali hiyo. Canon 70D ya mwaka 2013 na 80D ya mwaka 2016 ni tofauti, kwa sababu teknolojia ya Canon ya Dual Pixel inaziwezesha kumfuata mtu vizuri kwenye video. Kwa fungu dogo la fedha, 80D iliyotumika inaweza kubeba picha za harusi na video za kwaya kwa pamoja.

Sauti isisahaulike. Canon 2000D, Nikon D3500 na Sony a6000 hazina tundu la maikrofoni. Canon M50, ZV-E10, 70D, 80D na D7200 zinalo. Ukinunua kamera isiyo na tundu, utalazimika kurekodi sauti kwenye simu na kuiunganisha baadaye.

Weka mfumo wa video kuwa PAL, picha 25 au 50 kwa sekunde, na shata 1/50, kwa kuwa umeme wa Congo ni wa hezi 50. Kamera iliyoachwa kwenye NTSC itakupa video inayopepesa chini ya taa za ukumbi.

7. Kununua bila kuumizwa

Kamera nyingi zinazofika Bunia hupitia Kampala, kwa njia ya Mahagi, ya Aru, au kuvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi au Tchomia. Ukiagiza, kubaliana tangu mwanzo nani atalipa gharama za DGDA mpakani, na udai karatasi. Karatasi hiyo itakutetea pia siku utakayoulizwa umeipata wapi kamera. Chaja kutoka Uganda huja na plagi ya meno matatu bapa. Hakikisha una adapta ya soketi zetu.

Jihadhari na mifumo iliyoachwa na waliotengeneza. Nikon 1, Samsung NX na Canon EOS M zilikuwa kamera nzuri, na bei yake leo inavutia, lakini hakuna lenzi mpya zinazotengenezwa na kampuni hizo kwa ajili yake. Lenzi za EF-M za Canon M50 hazitakaa kwenye kamera za RF. M50 inaweza kumfaa mtu mwenye kazi ndogo ya video asiyepanga kukua nayo. Anayejenga studio aiache.

Kamera za Sony zilizouzwa awali kwa soko la Japani mara nyingi zina menyu ya Kijapani pekee. Fungua menyu na uhakikishe kuna Kifaransa au Kiingereza kabla ya kutoa fedha.

8. Ruhusa na heshima

Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na kamera mkononi inaweza kuleta maswali. Usipige picha za kambi za jeshi, vizuizi vya barabarani, uwanja wa ndege wala misafara ya askari bila ruhusa ya maandishi. Tembea na hati ya kazi: barua ya shirika, au kadi ya UNPC kwa mwandishi wa habari. Mwenye refleksi kubwa huonekana mapema, na ni vizuri ajitambulishe kwa chefu wa mtaa kabla ya kuifungua.

Kamera ndogo haitazamwi sana, na baadhi huichagua kwa sababu hiyo. Udogo usiwe njia ya kuwapiga watu kwa siri. Katika kambi za waliohama vita, kama Kigonze hapa Bunia, mtu aliyepoteza nyumba bado ana haki ya kukataa picha. Mwombe ruhusa, mweleze picha itakwenda wapi, na mtoto asipigwe bila mzazi au mlezi kukubali. Mteja wako akikutaka uvunje kanuni hii, kataa kazi hiyo.

9. Ukaguzi kabla ya kulipa

Nenda na kadi yako na betri iliyojaa. Fanya haya yote mbele ya muuzaji:

• Piga karatasi nyeupe kwa f/16 na uikuze kwenye skrini: madoa meusi yanayokaa palepale katika kila picha ni uchafu kwenye sensa.
• Uliza idadi ya picha ilizokwisha kupiga. Shata ya D5300 imekadiriwa kuhimili 100,000, na ya D7200 150,000.
• Tikisa lenzi kidogo na usikilize. Zungusha zumu na fokasi. Angalia ukungu ndani ya vioo kwa mwanga wa simu.
• Rekodi video ya dakika kumi na uone kama kamera inajizima kwa joto.
• Chomeka maikrofoni, flashi, chaja na waya wa USB, kimoja kimoja.
• Toa na urudishe kadi mara kadhaa. Vipini vilivyopinda ndani vitaharibu kadi zako.
• Andika namba ya mwili wa kamera kwenye risiti, pamoja na jina na simu ya muuzaji.

Muuzaji asiyekubali ukaguzi huu amekwisha kukujibu.

10. Uamuzi

Kwa anayeanza Shari kwa harusi, mahafali na studio: nunua refleksi ya daraja la kati iliyotumika, kama D7200 au Canon 80D, pamoja na lenzi moja ya f/1.8 na flashi. Kwa fedha ileile hutapata kamera isiyo na kioo itakayomaliza Jumamosi ya harusi kwa utulivu huo.

Kwa ambaye video ya kwaya, wanamuziki na mashirika ndiyo mkate wake: nunua kamera isiyo na kioo ambayo familia yake bado inatengenezwa, yenye tundu la maikrofoni na kidirisha, na betri zisizopungua tatu. Kama fedha haifiki, subiri mzunguko mwingine wa likelemba kuliko kununua mfumo uliokufa.

Kwa mwenye refleksi tayari na lenzi nzuri: usiuze ovyo. Ongeza lenzi au flashi kwanza. Kazi ya video ikikua hadi kuipita ya picha, nunua mwili usio na kioo wa kampuni ileile, uvalishe lenzi zako kwa adapta, na uiache refleksi iwe kamera ya pili ya harusi.

Ukishaamua, acha kulinganisha. Ifahamu kamera yako hadi vidole vipate kila kitufe gizani, weka sehemu ya kila malipo kwa ajili ya lenzi inayofuata, na shirikiana na wapiga picha wa Mbunya na Nyakasanza wanaotumia mfumo wako. Wapiga picha wanaoweza kuazimana betri na lenzi hutimiza ahadi zao kwa wateja, na ahadi iliyotimizwa ndiyo itakayokuletea harusi inayofuata.